Nilimwambia mdogo wangu azime taa

Kuna ishara moja ambayo karibu kila Mtanzania anaijua bila kufundishwa. Ukiona pikipiki inakuja mchana huku taa imewaka, unanyoosha mkono, unafumba na kufumbua vidole mara mbili tatu. Mwendeshaji anaelewa, anabonyeza swichi, taa inazima, mnapishana kwa amani. Ni wema tu, kama kumwambia mtu kwamba kamba ya kiatu imefunguka.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, nilimfanyia mdogo wangu wema huo. Nilikuwa nimekaa nyuma yake tukitoka Kibirizi kurudi mjini. Tangu tuondoke ufukweni watu wanne walikuwa wameshampungia vidole, na mtoto mmoja alikimbia kando ya barabara akipiga kelele, "Taa! Taa!" Nikaona aibu. Nikamgonga begani nikamwambia, "Zima hiyo taa bwana, unamaliza betri mchana kweupe."

"Hata wewe, dada?" alisema, akaizima.

Siku tisa baadaye aligongwa.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Habari za bodaboda nimeziandika hadi nimezichoka. Nimeandika kuhusu helmeti, kuhusu mshikaki, kuhusu vijana wanaoendesha wakiwa wamelewa, kuhusu wodi za mifupa zilizojaa vijana wa umri wa kuoa. Kila habari yangu ilikuwa na daktari anayesihi na askari anayeonya. Sikuwahi kuuliza swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza: je, aliyemgonga alimwona?

Ilikuwa saa 12:30 jioni. Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kudhani muda huo giza limeshaingia. Sisi tuko mwisho wa reli, magharibi kabisa, na jua letu linazama karibu dakika 40 baada ya la Dar. Saa 12:30 linakuwa bado juu kidogo ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, jekundu na kubwa, na Agosti kuna vumbi na moshi wa mashamba hewani. Ukiwa umekaa ufukweni linapendeza. Ukiwa unaendesha gari kutoka Ujiji kuja Mwanga, linakuingia machoni moja kwa moja.

Mdogo wangu alikuwa anakwenda Ujiji, amembeba mama mmoja na ndoo yake ya dagaa. Maeneo ya Buzebazeba, gari dogo lililokuwa linatoka Ujiji likakata kulia kuingia mtaani. Lilimchukua ubavuni. Mama wa watu alirushwa kwenye mchanga, akachubuka mikono na kupoteza dagaa wake wote. Mdogo wangu alivunjika mguu chini ya goti, mifupa yote miwili. Kichwa kilikuwa ndani ya helmeti, namshukuru Mungu.

Nilipofika hospitali, dereva wa gari alikuwa pale. Ndiye aliyewaleta wote wawili. Mtu wa makamo, shati limelowa jasho, anarudia maneno yaleyale kwa kila anayeingia: "Sikumwona. Wallahi nilitazama. Barabara ilikuwa tupu."

Nilitaka awe amelewa. Nilitaka awe alikuwa na simu sikioni. Ningepata wa kumchukia na ningelala. Hakuwa amelewa, na wiki nzima ya kwanza alikuja kila asubuhi na chupa ya uji. Mama yangu alikuwa anaupokea bila kumtazama usoni.

Usiku wa tatu, dawa za maumivu zilipoanza kufanya kazi, mdogo wangu aliniambia, "Taa nilikuwa nimeizima, dada. Watu walinichosha."

Hakusema "na wewe pia". Ningependa angesema.

Nikafanya ninachojua kufanya, nikasoma. Usiku mzima, simu mkononi, nimekaa kwenye benchi la nje ya wodi. Nilianza na yale ambayo wote tunayanukuu: Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, linakadiria watu milioni 1.19 hufa barabarani kwa mwaka, na katika kila 10 wanaokufa, karibu wawili walikuwa kwenye vyombo vya magurudumu mawili au matatu. Takwimu hiyo nilikuwa nayo kwenye daftari tayari. Haikunisaidia kitu.

Kilichonikalisha wima ni ripoti ya zamani. Mwaka 1981, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani, wakiongozwa na Harry Hurt, walitoa matokeo ya uchunguzi wa ajali za pikipiki zipatazo 900 katika eneo la Los Angeles. Katika ajali za pikipiki na gari, kosa kubwa lililojirudia lilikuwa la dereva wa gari kuikatia pikipiki njia. Na madereva hao, walipoulizwa, wengi walisema hawakuiona pikipiki, au waliiona wakati umeshapita. Yaani sentensi ya yule mtu wa uji ilikuwa imeshaandikwa miaka mingi kabla mimi sijazaliwa.

Kisha nikapata utafiti wa Auckland, New Zealand, wa mwaka 2004. Waliowasha taa mchana walikuwa na hatari ya kuumia au kufa katika ajali iliyo pungufu kwa asilimia 27 kuliko waliozima. Waliovaa koti la reflekta au rangi inayong'aa, asilimia 37. Wenye helmeti nyeupe walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 24 kuliko wenye nyeusi. Helmeti ya mdogo wangu ilikuwa nyeusi. Niliichagua mimi, kwa sababu nyeupe inachafuka.

Malaysia, nchi yenye pikipiki kama sisi tulivyo na baiskeli zamani, iliwaamuru waendesha pikipiki wote kuwasha taa mchana mwaka 1992, na ajali za aina hii zikapungua. India, ambako Boxer na TVS zimetoka, tangu Aprili 2017 pikipiki mpya zinazouzwa huko huwaka taa zenyewe injini inapowaka. Ya mdogo wangu ina swichi, na swichi ina vidole vya watu wa Kigoma nzima.

Asubuhi baba alikuja kunipokea zamu. Baba alivua dagaa zaidi ya miaka 30, kutoka Katonga, enzi za karabai za mafuta ya taa, kabla ya hizi taa za betri na sola. Nikamweleza nilichosoma, kwamba mtu anaweza kutazama kabisa na asione. Nilidhani atashangaa.

"Ziwani usiku, taa moja haikwambii kitu," alisema. "Unaiona. Lakini iko mbali au iko karibu? Inakuja au imesimama? Unaitazama, haikui, haikui, mara unasikia kasia."

Akaendelea kunieleza. Mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa ajili ya wavu ikiwa na taa zaidi ya moja, mvuvi hatazami taa zenyewe. Anatazama nafasi iliyo kati yake. Nafasi ikipanuka, wanakuja. Ikibana, wanakwenda. "Gari lina taa mbili, mama. Pikipiki ina moja. Huyo dereva alikuwa anapimia nini?"

Baba hajasoma zaidi ya darasa la saba. Jioni ile nikakuta utafiti wa mwaka 2012 wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, uliosema karibu maneno hayohayo. Jicho letu hukadiria kasi ya kitu kinachokuja kwa jinsi kinavyopanuka machoni. Gari ni pana, linapanuka mapema. Pikipiki ni nyembamba, inabaki kama nukta mpaka inapokuwa karibu mno, na taa yake moja usiku inakuwa nukta kwelikweli. Watafiti wale walipoongeza taa mbili ndogo zilizotengana, zikafanya pembetatu na taa kubwa, watu waliotazama waliweza kukisia mwendo wake vizuri zaidi gizani.

Mdogo wangu alikaa na vyuma mguuni miezi. Sitasimulia miezi hiyo, kila familia yenye kijana wa bodaboda inaijua. Nitasema tu kwamba pikipiki ilikuwa ya mkataba, imebaki miezi mitano iwe yake, na mwenye pikipiki alikubali kusubiri. Yule dereva alilipa matengenezo. Mama alisema irudishwe kwa mwenyewe, na mwanawe akatafute kazi nyingine.

"Kazi gani?" baba aliuliza. "Aende ziwani?"

Mama akanyamaza. Ndiye aliyekataa mtoto asiwe mvuvi, kwa kuogopa maji.

Siku alipoanza kutembea na gongo moja, mdogo wangu alisema, "Nikirudi barabarani nataka taa tatu." Alikuwa amemsikia baba.

Nakiri nilicheka. Taa za ziada kwenye pikipiki kwangu zilikuwa madoido ya vijana. Mnazifahamu zile zinazopita usiku zimejaa rangi kama ukumbi wa harusi, bluu, zambarau, kijani, zinapepesa. Nilidhani anataka hizo. Na kweli, fundi wa kwanza alimwekea karibu na hizo: mbili nyeupe, kali, juu kabisa kwenye usukani, waya umefungwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi.

Usiku wa kwanza alirudi nyumbani kimya. Mzee mmoja wa baiskeli alikuwa anakuja mbele yake, taa zikampiga usoni, akapoteza njia na kuingia mtaroni. Hakuumia. Aliinuka, akakung'uta kanzu, akamuuliza, "Mjukuu wangu, unataka kuonekana au unataka kutupofusha?"

Siku ya nne alisahau kuzima alipolala. Asubuhi betri imekufa, honi haitoki, indiketa haziwaki. Pikipiki iliwaka kwa kupiga kiki, na mguu wa kupigia kiki ndio uliokuwa na vyuma. Nilimpigia mimi, na gauni langu la kazini, majirani wakitazama.

Fundi wa pili, fundi umeme, tulimpata Gungu. Huyu aliuliza kwanza swali ambalo yule wa kwanza hakuuliza: "Unataka taa ya kuonea au ya kuonekana?"

Ni vitu viwili tofauti, alitueleza. Ya kuonea ina nguvu, inamulika barabara, na ukiielekeza vibaya unaua wengine. Ya kuonekana haihitaji nguvu. Inahitaji kukaa mahali pake. Mfumo wa umeme wa pikipiki ndogo si kama wa gari, unazalisha kidogo. Ukifunga taa zinazokula kuliko unachozalisha, betri itakufa hata ukikumbuka kuzima. Akachagua mbili ndogo za LED, kila moja chini ya wati 10, rangi ya njano, ili mtu azitofautishe na taa kubwa nyeupe. Nyekundu alikataa hata kuigusa, nyekundu ni ya nyuma ya chombo. Vimulimuli alisema tuwaachie polisi na magari ya wagonjwa.

Akazifunga chini, kwenye vile vyuma vya mbele vinavyokinga miguu, moja kulia moja kushoto, mbali kadiri chuma kinavyoruhusu. Waya akaupitisha kwenye fyuzi na rilei, akachukua umeme wa kuamrisha kutoka kwenye swichi ya ufunguo, hivyo ukizima pikipiki na zenyewe zinazima. Hapo usahaulifu wa mdogo wangu ukapatiwa dawa.

Taa mbili Sh20,000, vifaa Sh12,000, ufundi Sh10,000. Nililipa mimi. Nilikuwa nimetumia zaidi ya hapo kwa bajaji za kwenda na kurudi hospitali peke yake.

Kazi ya kuzielekeza tuliifanya nyumbani, giza lilipoingia. Baba alipima kwa kamba urefu wa taa kutoka ardhini, akachora mstari wa mkaa ukutani kwa urefu huohuo. Pikipiki ikasimamishwa hatua kumi kutoka ukutani. Mwanga ulitakiwa uangukie chini ya mstari. Ukaangukia chini, tukafurahi, fundi tuliyekuwa naye kwenye simu akasema, "Sasa mpande watu wawili."

Mimi na mdogo wangu tukakaa. Nyuma ya pikipiki ikazama, mbele ikainuka, mwanga wote ukapanda juu ya mstari wa mkaa, usawa wa uso wa baba. Akaziba macho. Bodaboda kazi yake ni kubeba watu, kwa hiyo pikipiki inapimwa ikiwa imebeba. Tukazishusha, tukapanda tena, tukazishusha tena. Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, akasema tunacheza kama watoto. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania tangu Agosti.

Kijiweni walimpa jina la Liemba, ile meli kongwe ya Wajerumani iliyoundwa mwaka 1913, kwamba na yeye anaingia bandarini na mataa. Wengine walisema anatafuta wateja wa kike. Wawili walimfuata pembeni baadaye, kimyakimya, kuuliza bei. Mmoja amefunga. Mwingine alisema Sh42,000 ni hesabu ya siku kadhaa za bosi na watoto wanakula nini, nami sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwambia awashe aliyo nayo, ile moja, mchana. Hiyo ni bure. Nikamwambia pia koti la reflekta lisikae kwenye tangi la mafuta, livaliwe.

Sitaki kuwadanganya wasomaji. Taa tatu hazimwondoi mtu simu mkononi. Hazimzuii aliyelewa. Na mdogo wangu mwenyewe, nilipombana, alikiri kwamba jioni ile alikuwa anakimbiza, kwa sababu mama wa dagaa alikuwa na haraka ya wateja. Mwendo wake ungekuwa mdogo, pengine yule dereva angepata sekunde moja ya ziada ya kumwona. Niliandika hayo kwenye daftari pia, chini ya taa, kwa kalamu ileile.

Yule dereva nilikutana naye Mwanga sokoni mwezi wa pili mwaka huu. Aliniuliza mgonjwa anaendeleaje, nikamwambia amerudi kazini. Akasema, "Nimemwona. Nilimwona tangu kule mbali." Akasita kidogo, kisha akasema tangu siku ile, akifika pale pa kukata kona jua likiwa machoni, anasimama kabisa na anahesabu hadi tatu, na magari ya nyuma yanampigia honi.

Vidole vya watu havijakoma. Kwanza vimeongezeka, maana sasa zinawaka tatu. Nikipanda nyuma yake naona wazee, akina mama wenye madumu ya mawese, watoto wa shule, wote wanamfumbia na kumfumbulia mikono. Mwanzoni alikuwa anakasirika. Siku hizi na yeye anainua mkono wa kushoto, anawafumbia na kuwafumbulia vidole, kama salamu, na anapita.

Kwetu ni juu kidogo, na kutoka barazani unaiona barabara inapopanda. Mama hakuwahi kusema kwamba amekubali taa. Lakini jioni, ikifika saa mbili, huwa anahamishia kigoda chake nje. Juzi nilikuwa nimekaa naye, namsaidia kumenya ndizi. Pikipiki nyingi zilipita kule chini, nukta moja moja. Kisha akasimama, akaingia jikoni kubandika maji ya ugali, na akiwa hukohuko ndani akaniita.

"Mwambie kesho apitie kwa fundi. Leo zimekuja mbili."